Kiroba cha taka cha mama kinakwenda wapi?

Mama yangu ana mgahawa mdogo nyumbani kwetu Rulenge, wilayani Ngara. Asubuhi anauza chai na maandazi, mchana ndizi kwa maharage, wali na dagaa, na siku ya gulio anaongeza nyama. Kwa miaka mingi taka za mgahawa huo zilikuwa na njia moja tu: kiroba nyuma ya jiko, na kijana mwenye toroli anayepita jioni. Mama anampa Sh500 na sahani ya chakula, kijana anapakia kiroba anaondoka, na kesho yake kiroba kingine kinaanza kujaa.

Hakuna aliyewahi kumuuliza anakipeleka wapi. Hata mimi, ninayeandika habari za afya kila wiki, sikuwahi kumuuliza.

Nilipokwenda nyumbani likizo iliyopita, jioni moja kijana yule alikuja bila toroli. Alikuwa amefunga kitambaa kwenye kiganja cha mkono wa kulia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Leo toroli limekwenda wapi?”

Hakumjibu. Alinigeukia mimi. “Dada, si wewe unayeandika mambo ya hospitali? Kuna kitu kimenichoma kwenye kiroba chenu.”

Alitoa mfukoni kipande cha boksi alichokikunja, akakifungua polepole. Ndani kulikuwa na kisindano chembamba, kifupi. Sikuhitaji kuuliza kimetoka wapi. Ni vile vile vilivyopangwa kwenye kabati la chumbani kwa baba.

Baba ni mwalimu mstaafu. Ana kisukari, na hujichoma insulini mwenyewe nyumbani. Nyumba yetu na mgahawa viko uwanja mmoja. Sindano iliyotumika huenda kwenye ndoo ya taka ya chumbani, ndoo ya chumbani humwagwa kwenye kiroba cha mgahawa, na kiroba hubebwa na mtoto wa watu kwa mikono mitupu. Tumeishi hivyo miaka minne.

Ndugu msomaji, wiki hii nilikusudia kuandika kuhusu chakula cha mtoto wa miezi sita. Kitasubiri. Leo nazungumza na kila familia yenye mgahawa, duka, saluni au baa, inayomlipa mtu aje kuchukua taka.

Saa za kwanza

Nianze na la haraka, kwa kuwa linaweza kumpata yeyote anayeshika taka leo hii.

Mtu akichomwa na sindano asiyoijua, aoshe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni. Asilikamue na asilinyonye. Asimwagie jiki wala dawa kali nyingine, kwani inaunguza nyama bila kumsaidia. Baada ya hapo aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio kama hilo, zinazojulikana kama PEP, zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo na zisipite saa 72. Humezwa kwa siku 28. Anayekaa nyumbani wiki nzima akisubiri kuona kama ataumwa, amekwishaipoteza nafasi hiyo.

Watu wengi wakisikia sindano hufikiria VVU peke yake. Kwa mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu watatu kwa kila 1,000. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi kuliko hapo kama mtu hajachanjwa. Tena kuna pepopunda, ambayo haihitaji hata sindano: msumari au kipande cha bati chenye udongo kinatosha. Kwa hiyo ukifika kituoni, ulizia yote matatu.

Tulimpeleka kijana hospitali jioni ile ile. Muuguzi aliyempokea aliuliza swali ambalo kwa kawaida halina jibu: mwenye sindano anafahamika? Kwetu alikuwa anafahamika. Nilitoka nje nikampigia baba simu, na nakiri kwamba niliogopa. Ni mzee wa zaidi ya miaka 70, na mimi mwanawe namwomba aje apime VVU na homa ya ini kwa ajili ya kijana wa toroli.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Kijana ameumia kwa taka yangu. Nakuja.”

Alifika kwa bodaboda akiwa amevaa koti lake la kanisani. Majibu ni siri ya wenyewe. Wameniruhusu niandike haya tu: wote wawili wako salama, na kijana ameendelea na kazi yake.

Korongo nyuma ya soko

Siku mbili baadaye nilimwomba kijana anionyeshe anakomwaga. Tulitembea kama dakika kumi nyuma ya soko, tukashuka hadi ukingoni mwa korongo. Kiroba cha mama nilikitambua kwa kamba ya buluu anayofungia. Kilikuwa kimepasuka, na mbuzi walikuwa wakichambua maganda. Kando yake kulikuwa na chupa za maji, viwembe, makopo ya mafuta ya nywele na pakiti za vidonge. Mvua ikinyesha, vyote hivyo huteremka bondeni, na bondeni kuna kijito ambacho watoto huchotea maji.

Nilitaka kumgombeza. Akaniwahi kwa upole: “Dada, nyinyi mnanilipa nichukue. Hakuna aliyewahi kunilipa nifikishe mahali.”

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi. Sh500 ya mama ilikuwa inanunua kitu kimoja tu, yaani kiroba kisionekane nyuma ya jiko lake. Safari iliyobaki haikuwa na mlipaji.

Tusijidanganye kwamba hili ni tatizo la miji midogo tu. Dar es Salaam ilianza mwaka 1994 kuipa kampuni binafsi kazi ya kuzoa taka katika kata za katikati ya jiji, na baadaye kampuni nyingine na vikundi vya wananchi vikaingia. Nilipokuwa nasoma huko, tulilipa ada ya taka na kupewa stakabadhi, na taka zilikuwa na mwisho unaojulikana, dampo la Pugu Kinyamwezi. Lakini hata jijini, kwenye vichochoro ambako gari halipiti, ni kijana na mkokoteni. Na yule wa mkokoteni naye humwaga pale alipolipwa kufika.

Kwa nini hili ni suala la afya

Inzi wa nyumbani hutaga mayai kwenye mabaki ya chakula, na katika joto anaweza kutoka yai hadi inzi anayeruka kwa siku saba hadi kumi hivi. Kiroba cha mabaki kikikaa wiki nzima nyuma ya jiko, unafuga inzi watakaotua kwenye sahani za wateja wako. Kikiondolewa mara mbili au tatu kwa wiki, wanakatishwa kabla hawajaota mabawa. Kwa hiyo unapopanga siku za kuzoa, usiangalie kama kiroba kimejaa. Hesabu siku.

Makopo, vifuu na matairi yakishika maji ya mvua huzaa mbu, wakiwamo wale wa homa ya dengue, iliyoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019. Plastiki nazo zikichomwa kwa moto mdogo wa uani hutoa moshi wenye sumu, na wanaouvuta kwanza ni watoto na mama aliye jikoni. Na kipindupindu tunakikumbuka. Mlipuko ulioanza Agosti 2015 ndio uliofanya sikukuu ya Uhuru ya mwaka ule, Desemba 9, igeuzwe siku ya kufagia nchi nzima. Tangu wakati huo tumezoea usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tunafagia vizuri sana, tunakusanya vichungu, halafu tunarudi kwenye swali lile lile: vinakwenda wapi?

Sisi wa huku tuna sababu nyingine ya kumjali anayebeba taka. Januari 2025 Serikali ilithibitisha ugonjwa wa Marburg kwa jirani zetu wa Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Machi 13 mwaka huo, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa, na wote walifariki. Sisemi ugonjwa ule ulitoka jalalani. Nasema virusi vya aina ile hupita kwenye majimaji ya mwili na vitu vilivyochafuka nayo, kama shuka, nguo na sindano. Mwenye kushika taka zetu asikose glavu.

Tulivyopanga upya

Tuliporudi kutoka korongoni, mama hakusema mengi. Kesho yake aliwaita majirani wanne wa biashara: mwenye duka la dawa, mwenye saluni, mwenye baa na mwenye duka la rejareja. Walikaa mgahawani saa tisa, wateja wakiwa wamepungua, na kijana wa toroli akakaa nao mezani. Naeleza walichokubaliana kwa mpangilio ili nawe uweze kuufuata ulipo.

La kwanza, kujua taka zako. Kwa wiki moja mama alitenga ndoo tatu na kuzihesabu kila jioni. Sehemu kubwa ilikuwa maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya chakula na jivu. Chupa na makopo vilifuata. Taka ambazo kweli hazina kazi yoyote zilijaza ndoo moja tu kwa siku mbili. Yaani kwa miaka yote tulikuwa tunamlipa mtu akatupe mbolea.

La pili, kutenganisha pale pale jikoni. Taka zikishachanganyika hakuna atakayezichambua isipokuwa mbuzi na watoto. Maganda na jivu sasa huchukuliwa na jirani mwenye migomba, bila malipo, na huja kuyafuata mwenyewe. Wazee wetu walijua hili, ndiyo maana migomba iliyo karibu na nyumba ndiyo iliyokuwa ikinona. Angalizo: usipeleke shina wala chipukizi la mgomba wenye mnyauko kwenye shamba la mtu. Ugonjwa huo umeshaumiza Kagera vya kutosha, na ukiwa na shaka mwite afisa ugani. Mabaki ya chakula huenda kwa mfugaji wa nguruwe, naye huyachemsha kwanza, kwa sababu mabaki yenye nyama ya nguruwe yanaweza kuingiza homa ya nguruwe ya Afrika bandani.

La tatu, vitu vyenye mnunuzi. Umewahi kuona chupa ya soda ya kioo imelala barabarani Rulenge? Ni nadra, kwa sababu ina kreti inayoingoja na hela inayorudishwa. Chupa ya maji ya plastiki haina wa kuingoja. Mwenye baa amekubali kona ya stoo yake iwe mahali pa kuzikusanya kwa wote watano. Zinakanyagwa zikawa bapa, zinafungwa kwenye viroba, na vyuma chakavu vinawekwa kando, hadi mnunuzi apite. Usitegemee kutajirika. Tuko mbali na viwanda, na nauli inakula faida. Tulikubaliana hela hiyo iwe ya kijana. Huo ndio umekuwa mshahara wake wa kuchambua vizuri.

La nne, vitu vya hatari havipandi toroli kabisa. Sindano za baba sasa zinaingia kwenye dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, lililoandikwa SINDANO kwa kalamu nyekundu. Hazirudishwi kofia zake, maana wengi hujichoma wakati wa kuzirudisha. Dumu likifika robo tatu linafungwa, na baba hulipeleka mwenyewe siku ya kliniki ya kisukari ili likateketezwe pamoja na taka za hospitali. Kabla hujaanza, uliza kituo chako kama kinapokea. Mwenye saluni naye ana dumu lake la viwembe. Mwenye duka la dawa anatenga dawa zilizoisha muda, anaziandika kwenye orodha, na kufuata utaratibu wa TMDA wa kuziteketeza. Dawa hazimwagwi chooni wala shimoni, na kijana hazigusi.

La tano, mahali pa mwisho. Hapa ndipo wengi huishia njiani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Maana yake huwezi wewe na majirani zako kujichagulia korongo. Mama na wenzake walikwenda kwa mtendaji wa kata na afisa afya wakiwa na ombi la maandishi: tunayo mashine ya kubebea, ambayo ni toroli, tunaye mbebaji, tuonyesheni pa kumwaga. Walionyeshwa shimo, mbali na nyumba na mbali na maji. Kipimo cha kukumbuka ni angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na zaidi ya hapo pakiwa na mteremko. Shimo lazungushiwe uzio, na kila baada ya kumwaga linafunikwa kwa udongo kidogo.

Bei ya kufikisha

Zamani mama alilipa Sh500 kwa siku sita, yaani Sh3,000 kwa wiki. Sasa kila biashara inalipa Sh4,000 kwa wiki, na kijana anapata Sh20,000 kutoka kwa wote watano, pamoja na hela ya chupa. Anapita Jumatatu, Jumatano na Jumamosi. Mwenye duka la rejareja alinung'unika kwamba yeye ana maboksi tu. Alikubali alipoambiwa maboksi yake makavu yanahitajika kuwashia moto mgahawani, na kwamba inzi hawachagui mlango.

Makubaliano yaliandikwa kwenye daftari la kaunta, ukurasa mmoja: siku za kuzoa, malipo, mahali pa kumwaga, vitu asivyotakiwa kupewa, na nani analipia matibabu akiumia kazini. Mstari huo wa mwisho aliudai baba. Wote wakatia saini, na kijana naye. Walichangishana wakamnunulia glavu nene na buti za mpira, na alikamilisha chanjo ya pepopunda aliyoanza siku ile.

Nawe, kabla hujampa mtu kiroba jioni ya leo, muulize maswali manne. Unakipeleka wapi? Nani alikuruhusu kumwaga hapo? Ukiumia, unakwenda kwa nani? Na nikikufuata siku moja, utanionyesha? Asiye na jibu usimfukuze. Huenda, kama ilivyokuwa kwetu, hujawahi kumlipa ili awe nalo. Na kama uko mjini na unalipa kampuni, dai stakabadhi na uulize dampo lao ni lipi. Mwenye kazi safi hachukii swali hilo.

Halafu mfuate kweli, hata mara moja kwa mwezi. Mama huenda Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya kufagia. Mara ya kwanza alikuta viroba viwili vimeachwa pembeni ya shimo kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu njia. Hakugomba. Aliwaita wale wanne wengine, wakatengeneza njia.

Korongo la nyuma ya soko bado lina taka za miaka yote ile, na si zetu sisi watano peke yetu. Hilo ni la halmashauri, na ombi limeshapelekwa ofisini. Watoto bado wanachota maji bondeni. Nilipokuwa naondoka nilimkuta mama akiwaeleza wawili wao wachemshe maji kabla ya kunywa, na wasiokote chochote kinachong'aa.

Baba alinisindikiza hadi stendi. Nilimuuliza kama alichukia siku ile nilipompigia simu. Akasema alichukia, lakini alijichukia mwenyewe, kwa kuwa alifundisha watoto usafi kwa miaka 30 na hakuwahi kuangalia ndoo yake inamwagwa wapi. Kisha akaniuliza: “Na wewe huko mjini, taka zako anabeba nani?”

Sikuwa na jibu. Nimeanza kulitafuta wiki hii. Tukutane wiki ijayo, tuzungumze chakula cha mtoto wa miezi sita kama nilivyoahidi.